Risoto imegoma? Anza na mchele: dalili, sababu na tiba kwa jiko la Tanga

Mchele unaosifiwa sana kwenye magunia ya masoko ya Ngamiani na Mgandini ndio unaoharibu risoto nyingi, yaani kile chakula cha Kiitaliano cha mchele unaopikwa kwa kuongezewa supu ya moto kidogo kidogo. Muuzaji anayekutakia mema atachota kiganja na kukuambia, "Chukua huu dada, unachambuka punje kwa punje." Kwa pilau hiyo ni sifa. Kwa risoto ni ugonjwa, maana risoto inataka punje zilowe ndani ya rojo lililotoka kwenye punje hizohizo, na bado kila punje ikatae kidogo unapoiuma.

Kinachofanya kazi hiyo ni wanga wa aina mbili. Amilopektini hutoka kwenye punje na kuigeuza supu kuwa rojo. Amilosi hubaki ndani na kuishika punje isivunjike. Michele ya Kiitaliano inayojulikana kwa risoto, yaani Arborio, Carnaroli na Vialone Nano, hulimwa kwenye tambarare za mto Po kaskazini mwa Italia. Yote ina punje nene yenye moyo mweupe kama chaki. Carnaroli ina amilosi nyingi kuliko Arborio, ndiyo maana humvumilia zaidi mpishi aliyechelewa kuepua. Lakini kilo moja ya mchele huo ikishavuka bahari na kupangwa kwenye rafu ya duka kubwa, hela yake inanunua kilo kadhaa za mchele wa sokoni. Mtu mmoja anahitaji gramu 80 hivi, kwa hiyo kilo inatoa sahani kumi na mbili. Fanya hesabu mwenyewe.

Mchele wa sokoni unaweza, ukiuchagua kinyume na mazoea yako.

Vipimo vya kufanya kabla ya kununua gunia

Nunua robo kilo kwanza. Kisha:

Panga punje kumi ubavu kwa ubavu kwenye rula. Arborio hufika karibu sentimita 3. Mchele mwembamba wa kuchambuka huishia kama 2. Ukiupata wa 2.5 na kuendelea, una matumaini. Panga tena kumi zikifuatana kichwa kwa mkia: urefu ukizidi unene mara tatu, uache kwa ajili ya pilau.

Inua punje chache kwenye mwanga wa dirisha. Doa jeupe katikati ya punje, ambalo mnunuzi wa pilau huliona kama dosari, hapa linatafutwa. Punje inayong'aa yote kama kioo, tena yenye rangi ya manjano kwa mbali, huenda ni ya mpunga uliochemshwa kabla ya kukobolewa. Wanga wake umekwisha kufungwa. Ukoroge hadi mkono uchoke, rojo halitoki.

Uliza umri. "Mama, huu ni wa msimu huu au wa mwaka jana?" Mchele mpya hunata zaidi, na kadiri unavyokaa ghalani ndivyo punje zinavyokauka na kuanza kuchambuka. Kwa hiyo majibu yanageuka: ule anaokuuzia kwa unyonge, "huu mpya bado, utaweka maji kidogo", ndio wako. Mpunga wa Mombo, kule Korogwe, unalimwa kwa umwagiliaji na hauko mbali; mchele wake ukiteremka kwa njia ya Muheza unaweza kuupata ukiwa umetoka mashineni siku si nyingi.

Mwisho, upike kidogo. Vijiko viwili vya chakula vya mchele usiooshwa, kikombe kimoja cha maji, moto wa wastani, ukikoroga kila mara. Kuanzia dakika ya 10, toa punje moja kila dakika uiminye kwa kidole juu ya sahani. Ikibaki nukta nyeupe moja katikati, andika ni dakika ya ngapi: huo ndio muda wa mchele wako. Arborio huwa 16 hadi 18. Mchele mwingi wa sokoni huwahi, 12 hadi 15. Tazama na maji yaliyobaki. Yakifunika mgongo wa kijiko na ukipitisha kidole mstari ukabaki, umepata. Yakiwa mepesi kama maji ya kuoshea, mchele huo unahitaji msaada unaoelezwa hapa chini.

Kwa watu wanne kipimo cha kuanzia ni hiki: mchele gramu 320 (kikombe cha mililita 250 kimoja na nusu, na kidogo juu), supu ya moto lita 1 hadi 1.3, kitunguu maji kidogo kimoja, siagi gramu 50, jibini lililokunwa gramu 60. Waitaliano huweka divai nyeupe mwanzoni. Nyumba isiyotumia divai inakamulia kijiko kimoja cha maji ya ndimu mwishoni, na uchachu unaotafutwa unapatikana.

Dalili 1: Supu mbali, mchele mbali

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Punje zimeiva, zinaelea kwenye maji, sahani inaonekana kama mtu kamwagia supu kiporo.

Sababu ya kwanza ni kuosha mchele. Mkono wa pwani hauwezi kuuacha mchele bila kuuosha mara tatu mpaka maji yawe maangavu, na maji yale meupe ya kwanza ndiyo yalikuwa rojo lako. Ila ushauri wa "usioshe kabisa" umeandikwa na watu wanaonunua mchele kwenye pakiti; wa gunia una vumbi, pumba na changarawe. Njia ya katikati ni hii. Pepeta kwenye ungo, chambua mawe kwa macho, kisha weka mchele kwenye bakuli na uumwagie supu *baridi* lita moja. Vuruga kwa mkono nusu dakika. Opoa mchele kwa chujio, uache ujichuje. Ile supu iliyogeuka nyeupe ivuruge tena, hesabu hadi kumi mchanga utue, halafu imimine taratibu kwenye sufuria na ubakize kijiko cha mwisho chenye mchanga. Wanga wako wote umo kwenye supu. Unapoipasha moto ikoroge, la sivyo wanga utashika chini.

Sababu ya pili ni mchele wenyewe: mwembamba, wa zamani, au ule uliochemshwa ukiwa mpunga. Wa mwisho huo hauna tiba. Kwa miwili ya kwanza, tiba ya bei nafuu kuliko zote imelala kwenye gunia la pembeni ambalo wengi hununulia kuku: chenga. Changanya sehemu nne za mchele mzima na sehemu moja ya chenga safi za mchele uleule. Chenga huiva mapema, hupasuka na kuyeyuka kuwa uji, na punje nzima zinabaki na umbo lake. Kwa gramu 320, hiyo ni chenga gramu 64 na mchele mzima gramu 256. Zichambue vizuri kuliko mchele, kwa sababu mawe madogo hukimbilia kwenye chenga.

Sababu ya tatu ni kukaanga mpaka mchele ukawa kahawia. Dakika mbili kwenye mafuta zinatosha, hadi kingo za punje ziwe kama kioo na katikati pabaki peupe. Wanga uliokaangwa sana hupoteza nguvu ya kuifanya supu iwe nzito.

Ya nne: supu yote kumwagwa mara moja kisha sufuria kuachwa. Ongeza upawa mmoja mmoja, na kila ukiongeza koroga. Si lazima ukoroge bila kupumua. Kinachotakiwa ni punje zisuguane.

Kama chakula kiko tayari na wageni wamekaa, chota upawa mmoja wa punje, zisage au ziponde kwenye kinu, zirudishe, koroga dakika moja. Inaokoa sahani tisa kati ya kumi.

Dalili 2: Imekuwa bokoboko

Punje hazionekani tena. Mara nyingi mpishi amefuata dakika 18 za mapishi ya Arborio kwa mchele unaoiva kwa 13. Ndiyo sababu ya kile kipimo cha vijiko viwili.

Sababu nyingine zinakuja nyuma yake: mfuniko uliowekwa kwa mazoea ya wali, chenga zilizozidi kipimo, mwiko unaoponda badala ya kugeuza, na jiko la mkaa. Mkaa hauzimiki kwa kugeuza kitufe. Sufuria ikiachwa juu ya makaa "kidogo tu" wakati unakuna jibini, mchele unaendelea kuiva. Epua uweke chini kabisa, kwenye ngata au kitambaa, nukta nyeupe ikiwa bado inaonekana. Joto lililobaki litamalizia.

Hakuna kinachorudisha punje iliyopasuka. Itandaze kwenye sinia ipoe, iweke kwenye friji, kesho ifinyange madonge yenye jibini katikati, chovya kwenye yai na chenga za mkate, kaanga kama katlesi. Wasisilia, watu wa kisiwa cha Sisilia huko Italia, wana chakula maarufu kinachofanana na hicho, arancini, kwa hiyo hakuna wa kukucheka.

Dalili 3: Nje laini, ndani panakwaruza

Angalia kwanza kama punje zote ni ngumu au baadhi tu. Toa kumi uziweke kwenye sahani ya rangi nyeusi na uziminye.

Kama ni baadhi, umeuziwa mchanganyiko. Michele miwili ya umri tofauti ikitiwa gunia moja, mmoja unaiva wakati mwingine bado. Kwenye pilau mvuke husawazisha mambo, kwenye risoto aibu inajitokeza. Rudi kwenye mchele mbichi, tandaza kiganja kimoja kwenye kitambaa cheusi: urefu na rangi mbili tofauti zinaonekana bila miwani. Mbadilishe muuzaji au uutumie kwa mseto wa choroko.

Kama zote ni ngumu, sababu ya kawaida ni supu baridi. Kila upawa wa supu baridi unasimamisha uivaji wakati ganda la nje linaendelea kulainika. Supu ikae jiko la pili ikitokota kwa mbali. Wenye jiko moja wana chupa ya chai: ijaze supu inayochemka, mimina kutoka humo.

Ya pili ni moto mkali unaokausha supu kabla punje haijanywa. Mapovu yawe ya uvivu.

Kuokoa: ongeza nusu kikombe cha supu ya moto, koroga, epua, funika dakika nne. Hapa ndipo pekee mfuniko unaruhusiwa.

Dalili 4: Jikoni ilikuwa nzuri, mezani imekuwa donge

Risoto huendelea kunywa supu baada ya kuepuliwa. Ikiwa sawasawa jikoni, mezani itakuwa kavu. Iepue ikiwa nyepesi kuliko unavyotaka kuila, na ubakize upawa mmoja wa supu ya moto kwa ajili ya dakika ya mwisho.

Kipimo ni sahani. Pakua, kisha iinamishe upande mmoja: mchele ushuke polepole kwa pamoja. Ukisimama kama ugali, supu zaidi. Ukikimbia na maji yakatangulia, rudi Dalili 1. Pasha na sahani pia, na ita watu mezani kabla ya kupakua. Wali wa nazi unaweza kumsubiri mtu aswali arudi, risoto haisubiri.

Dalili 5: Imeshika chini

Sufuria nyembamba ya alumini juu ya makaa mekundu, basi. Usikwangue ukoko! Hamishia sehemu ya juu kwenye sufuria nyingine, onja, na kama moshi haujaingia endelea. Siku nyingine funika makaa na majivu mpaka uweze kuhesabu hadi tano ukiwa umeweka kiganja juu yake, au tumia sufuria nzito.

Kwa wenye gesi: moto wa manjano unaotia masizi kwenye sufuria ni ishara ya hewa kutoingia vizuri kwenye jiko. Zima, jiko lipoe, safisha matundu ya plate kwa sindano. Ukirudia kuwa wa manjano, mwite fundi. Ukisikia harufu ya gesi kabla ya kuwasha, funga valvu ya mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa, na usianze kufungua regulata mwenyewe; hiyo ni kazi ya fundi au wakala.

Dalili 6: Jibini limekuwa nyuzi, mafuta yamejitenga

Jibini limetiwa sufuria ikiwa bado inachemka. Epua, hesabu sitini, tia siagi baridi kwanza ukikoroga kwa nguvu, kisha jibini lililokunwa laini kama unga, kidogo kidogo. Parmesan, jibini gumu la Kiitaliano, ni ghali na jibini gumu la Lushoto lililokaa muda linafanya kazi ile. Jibini laini changa ndilo linalovuta nyuzi. Likishakatika, kijiko cha supu ya moto na kukoroga haraka huunganisha mara nyingi, si kila mara.

Kwa risoto ya kamba kutoka soko la samaki la Deep Sea, Waitaliano wengi hawaweki jibini kabisa, jambo linalookoa hela. Chemsha vichwa na maganda ya kamba dakika 20 kwa maji lita moja na nusu, chuja: hiyo ndiyo supu. Nyama ya kamba iingie dakika tatu za mwisho. Anayependa kumalizia na tui zito badala ya siagi aliweke baada ya kuepua, kwani likichemka sana hukatika. Chakula ni kitamu. Kukiita cha Milano, kule Italia, tu ndiyo itakuwa makosa.

Dalili 7: Mchele una harufu

Hapa ndipo pa kuacha kujaribu.

Harufu ya gunia au ya vumbi peke yake: anika kivulini nusu siku, pepeta, pika kidogo uonje. Fukusi: pepeta, kisha weka mchele kwenye friza siku nne, wakubwa na mayai hufa. Kisha uweke kwenye ndoo kavu yenye mfuniko wa kubana, maana hewa ya Tanga ina unyevu.

Harufu ya uvundo, punje zenye madoa ya kijani, meusi au manjano, au mchele ulioshikana vipande: ni ukungu. Tupa, na usiwape kuku. Sumu ambazo baadhi ya kuvu huacha haziondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha.

Harufu kama ya kitunguu saumu au samaki, tena ukaona vumbi la kijivu au mabaki ya kidonge ndani ya gunia: hayo huwa ni masalia ya vidonge vya kufukizia wadudu. Usimwagie maji, maji ndiyo huamsha gesi yake yenye sumu. Acha gunia nje mahali pa wazi, weka watoto mbali, mjulishe afisa afya wa kata na aliyekuuzia. Mtu akiumwa kichwa, akitapika au kifua kikimbana baada ya kulishughulikia, nenda naye hospitali saa hiyohiyo, na uwaambie kuhusu vidonge.

Dalili 8: Iliyobaki jana imeleta tumbo

Mara nyingi sababu yake si mchele mbaya, ni sufuria iliyoachwa jikoni hadi usiku. Bakteria waitwao Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa wakiwa katika hali ya mbegu; wali ukikaa kwenye joto huamka, wakaongezeka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Tandaza kwenye sinia ndani ya saa moja, ingiza kwenye friji, uile kesho yake, na uipashe mara moja tu. Umeme ukikatika usiku kucha, tupa. Kutapika kunakozidi siku moja, kinyesi chenye damu, au mtoto mdogo asiyeweza kubakiza hata maji tumboni: hospitali.

Mchele uliofaulu vipimo, bandika karatasi kwenye ndoo yake: umenunuliwa kwa nani, tarehe, dakika ngapi, chenga kiasi gani. Rudia kile kipimo cha vijiko viwili baada ya miezi mitatu, kwani kwa wakati huo utakuwa umekauka na unaweza kuhitaji supu zaidi na dakika moja ya ziada.